Ardhi ya Magari Yasiyokuwapo

Kitenzi "kuegesha" kilitumika kwa vyombo vya baharini kabla ya magari kufika kwetu. Nahodha huegesha jahazi, hushusha shehena, kisha hutweka tanga akaenda zake. Gati lina maana kwa kuwa kuna chombo kinacholijia. Je, egesho lisilofikiwa na gari, usiku wala mchana, tuliiteje? Mimi naliita ardhi iliyofungiwa.

Tuitazame Singapore. Huko, takriban wakazi 8 katika kila 10 huishi katika nyumba zilizojengwa na bodi ya serikali iliyoundwa mwaka wa 1960. Tangu mwaka wa 1990, atakaye kumiliki gari hana budi kushindania kibali kwa mnada. Mnamo 2020, serikali ilitangaza zabuni za kukodisha mapaa ya majengo ya maegesho katika mitaa hiyo ili yakuzwe mboga. Si wakulima wote waliofaulu. Baadhi yao walilemewa na gharama. Funzo ni kwamba haitoshi kuona nafasi tupu. Sharti wakazi waulizwe wanahitaji nini.

Nasi je? Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mwalimu hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wa jumla. Kwa hivyo ana haki ya kuuliza ardhi ya mitaa hiyo inamhudumia nani. Nafasi ya gari moja yenye upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5 ni mita mraba 12.5. Nafasi nne ni mita mraba 50, mahali pa kutosha kuweka paa, taa na meza ili watoto wanaobanana katika chumba kimoja wapate pa kudurusu.

Yamkini mwenye gari atalalamika, na zimamoto sharti ipate njia. Hoja hizo ni za haki, na jibu lake ni hesabu. Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Walimu, wapeni wanafunzi wenu zoezi hili: kwa majuma mawili, wanaoishi katika mitaa hiyo wahesabu nafasi tupu saa tatu usiku, magari yakiwa yamekwisha kurudi. Kisha waandike insha kwa Kiswahili sanifu, na nakala ipelekwe kwa msimamizi wa mtaa. Hapo atakayetetea ardhi tupu itambidi atuonyeshe gari lake.