Fahamu: Manang, wilaya ya Nepal yenye watu wachache kuliko zote

Manang ni wilaya ya milimani kaskazini mwa Nepal, mpakani na Tibet. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 5,658 tu; ile ya 2011 ilikuwa na 6,538. Makao makuu yake ni Chame.

Iko wapi hasa?

Bonde la juu la mto Marsyangdi limejificha nyuma ya safu ya Annapurna. Milima hiyo huzuia mawingu ya monsuni yatokayo kusini, hivyo upande wa kusini hulowa huku Manang ikibaki kavu. Upande wa magharibi kuna kipito cha Thorong La, mita 5,416 juu ya usawa wa bahari.

Wakazi ni akina nani?

Wengi ni Wabudha wenye lugha za jamii ya Kitibeti-Kiburma. Hulima shayiri na viazi, hufuga yaki. Lakini sifa yao kubwa, na inayostahili heshima, ni biashara: tangu karne ya 18 wafalme wa Nepal waliwapa upendeleo maalumu wa kibiashara, wakafika hadi Asia ya Kusini-Mashariki.

Kwa nini wanapungua?

Familia nyingi zimehamia Kathmandu. Waliobaki wanategemea pia wapanda milima wanaozunguka Annapurna.