Ua la Usambara na Urithi Wake

Katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani liko ua dogo la rangi ya zambarau, lenye majani ya manyoya laini, ambalo watu hulipanda katika chungu na kuliweka dirishani. Wataalamu walilipa jina la Saintpaulia, na Wajerumani mpaka leo huliita kwa jina la Usambara. Asili yake ni huku kwetu, katika misitu ya milima ya Tanzania na sehemu chache za Kenya. Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze jambo moja la ajabu: ua hili limejaa majumbani duniani, na papo hapo limo hatarini kutoweka porini.

Kwanza yafaa tujue lilivyotoka. Mwaka 1892 mtawala mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona katika Usambara, akampelekea baba yake huko Ujerumani. Baba naye akalifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, ambaye mwaka 1893 alilieleza kitaalamu na kulipa jina la familia hiyo. Mwaka 1927 kampuni ya Armacost and Royston ya Los Angeles ilichagua aina 10 tu kati ya miche iliyoota kutokana na mbegu zilizoagizwa Ulaya. Sehemu kubwa ya maua ya vyunguni yaliyofuata ni uzao wa hizo chache.

Sasa tuangalie jinsi linavyozidishwa. Ukikata jani moja pamoja na kikonyo chake, ukakichomeka kikonyo katika mchanga wenye unyevu, baada ya majuma kadhaa vitachipua vimea vidogo. Mche wa namna hii hauna baba. Ni mama yule yule amejirudia. Ukipanda majani 1,000 ya mmea mmoja utapata vyungu 1,000, lakini chembe za urithi ni zile zile. Ukija ugonjwa ambao mmoja hauwezi kuustahimili, yote haitaustahimili. Mbegu ni kitu kingine. Nyuki akileta chavua kutoka ua la mmea mwingine, mbegu hupata urithi wa pande mbili, na kila mche huwa na tabia zake: huu wavumilia ukame, ule wavumilia baridi.

Hazina hiyo ya tabia mbalimbali imo porini. Huko mimea hii huota kivulini, juu ya miamba yenye unyevu, mara nyingi karibu na vijito. Huishi katika makundi madogo yaliyotengana, na kundi la mwamba huu laweza kuwa na urithi usiopatikana katika kundi la mlima wa pili. Miti ikikatwa, jua hupiga mwamba, unyevu hukauka, na kundi zima laweza kufa bila mtu kuligusa. Aina moja, iliyopewa jina la Taita, inajulikana kuota katika msitu wa Mbololo wa Milima ya Taita, Kenya, na si penginepo.

Hata kundi likipungua tu bila kwisha, hasara ipo. Fikirini gunia la maharage mchanganyiko katika ghala yetu ya chakula: mekundu, meupe, ya njano, na machache ya madoadoa. Chota konzi moja, kisha mwaga gunia lililobaki. Yumkini ya madoadoa hayamo mkononi. Ukipanda konzi hiyo miaka 10 utajaza gunia tena, lakini madoadoa hayatarudi. Ndivyo inavyokuwa kwa mimea iliyobaki michache. Tena michache hiyo huzaana yenyewe kwa yenyewe, na udhaifu uliojificha katika urithi hujitokeza: mbegu chache, miche dhaifu.

Je, tufanye nini? Nionavyo mimi, mambo ni matatu. La kwanza ni kulinda msitu wenyewe, maana kivuli ndiyo nyumba ya ua hili. Serikali ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997, na sehemu ya makundi ya Usambara Mashariki imo humo. La pili ni kuweka akiba ya mbegu na mimea hai bustanini, iliyotoka katika makundi mengi, kila moja na kibandiko cha mahali ilipotoka. La tatu ni kutojidanganya kwa hesabu. Kupanda msituni miche 500 ya jani moja si kurudisha kilichopotea.

Wako wasemao kwamba ua si chakula, basi lipotee tu. Lakini kivuli hicho hicho ndicho kitunzacho vijito tunavyokunywa maji yake, na kanuni hii ya urithi ndiyo ya mahindi na mihogo yetu. Wazazi wenye mashamba kando ya msitu, tafadhali iacheni miti iliyo juu ya miamba na vijito. Nasi wanafunzi, tukiliona ua hili porini tulitazame na kulichora, bila kuling'oa. Mwaka 1892 mimea michache ilitosha kulitangaza duniani. Kulihifadhi, michache haitoshi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne