Kokwa Chungu na Daktari Asiye Daktari (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu iliyopita tulimwacha Ernst Krebs baba huko San Francisco na dawa yake ya maji ya mafua ya 1918. Mwanawe, Ernst Krebs mdogo, aliitwa "daktari" maisha yake yote, ilhali shahada pekee ya udaktari aliyokuwa nayo ilikuwa ya heshima, ya chuo kidogo cha Biblia huko Tulsa. Kila Februari 4, Siku ya Saratani Duniani, matangazo ya "vitamini B17" yake hufurika simuni, basi tuimalize habari hii.

Kiini cha B17 ni amigdalini ya kokwa za aprikoti, ambayo ikifika tumboni hutoa sianidi. Msomaji wa Mtwara hahitaji maabara kunielewa. Muhogo mchungu una linamarini, ndugu wa amigdalini, na ndiyo sababu bibi zetu huumenya, wakauvundika, wakauanika hadi ukakauka makopa. Njaa ilipowalazimisha watu kukatiza kazi hiyo, miguu ilipooza ghafla: ni konzo, iliyoandikwa na madaktari Congo mwaka 1938, ikazuka Msumbiji 1981 na Tarime 1985. Huwa nashangaa kwamba elimu hii ya jikoni, iliyookoa vizazi, haipewi heshima inayostahili, na anayeuza sumu ile ile kwenye chupa huitwa mtaalamu.

Jina "vitamini" nalo lilikuwa ujanja: chakula hakidaiwi ushahidi unaodaiwa dawa. Mwaka 1979, katika kesi ya dawa hii, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kwa kauli moja hoja kwamba sheria ya dawa haimhusu mgonjwa anayekaribia kufa. Hoja hiyo hunikera: eti aliyekata tamaa ni halali kuuziwa chochote! Mwaka 1982 Charles Moertel wa Mayo Clinic na wenzake walitoa matokeo ya majaribio ya dawa hiyo kwa wagonjwa 178. Hakuna aliyepona, na kwa baadhi yao sianidi damuni ilikaribia kiwango cha kuua.

Nafasi inanibana. Aliyekwisha kumeza vidonge vya B17 asimfiche daktari wake, awe wa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road au wa hospitali ya wilaya. Akipata kizunguzungu, kutapika au kuhema kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na chupa ichukuliwe. Sehemu ya nne itavuka mpaka hadi kliniki za Tijuana, Mexico.