Magofu ya Gede: Urithi wa dunia unaotegemea majirani

KARIBU na njia panda ya kuelekea Watamu, kilomita zipatazo 15 kusini mwa Malindi, umesimama mji wa mawe ambao haujakaliwa kwa takriban miaka 400. Mnamo Julai 2024, Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilipokutana New Delhi, India, mji huo wa Gede uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ni mahali pa nane nchini Kenya kupata hadhi hiyo.

Hata hivyo, hadhi hiyo pekee haijibu swali linalowahusu wakazi wa vijiji vilivyouzunguka mji huo: je, historia hii ni ya nani, na jirani aliye nje ya ua anafaidika vipi nayo?

Gede ulianza kujengwa yapata karne ya 12 na kufikia kilele cha neema yake katika karne ya 15. Ndani ya kuta zake mna Msikiti Mkuu, jumba la mfalme, visima, vyoo na makaburi, likiwamo moja lenye tarehe ya mwaka wa 802 wa Hijria, yaani 1399. Nyumba kadhaa zimepewa majina kutokana na vitu vilivyofukuliwa humo, kama vile Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Kauri. Vyombo vya Kichina na shanga za Venice vilivyopatikana vinaonyesha jinsi wakazi wake walivyohusiana na ulimwengu wa mbali.

Cha kustaajabisha ni kwamba Wareno, waliofika Malindi mwaka wa 1498 na kukaa huko miaka mingi, hawakuacha maelezo ya wazi kuhusu mji huu uliokuwa jirani yao. Mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa umehamwa. Wataalamu hutaja sababu kadhaa: kupungua kwa maji visimani, vita vya mwishoni mwa karne ya 16, kuhamishwa kwa mtawala wa Malindi kwenda Mombasa, na mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini.

Serikali ya kikoloni iliutambua mji huo kuwa mnara wa kihistoria mwaka wa 1927. James Kirkman, Mwingereza, alianza kuufukua mwaka wa 1948 na kuendelea kwa takriban mwongo mmoja. Wasomi wa enzi hiyo walielekea kuiona miji ya aina hii kuwa kazi ya wageni kutoka Uarabuni. Utafiti wa baadaye, ukiwamo wa mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba, umethibitisha kwamba miji ya Waswahili ilichipuka kutokana na jamii za Kiafrika za pwani, ingawa biashara, dini na ndoa ziliiunganisha na ng'ambo.

Hapa ndipo mipango ya jamii inapopata uzito wake. Mtoto wa Kigiriama akiambiwa kwamba mji ule ulijengwa na wageni wakaondoka, atauona kuwa mali ya watu wengine. Akielezwa kwamba wenyeji wa pwani ndio waliochoma chokaa, wakachonga matumbawe na kuwalisha wakazi wa mjini, atakuwa na sababu ya kuulinda.

Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ambayo ndiyo yanayosimamia eneo hilo, yana jumba la maonyesho papo hapo na hupokea wanafunzi wanaokuja kujifunza. Waelekezi huwatembeza wageni magofuni, na mara kwa mara ngoma za Wagiriama huchezwa hapo. Mambo hayo hukamilisha yale ambayo mawe hayawezi kuyasema. Kwa mfano, wazee wa vijijini wamekuwa wakiamini tangu jadi kwamba magofu hayo yana pepo wanaoyalinda. Imani kama hizo zimechangia kuinusuru miti mikubwa iliyoyafunika. Hali ni hiyo hiyo katika makaya ya Wamijikenda, yaliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka wa 2008.

Mradi unaojulikana zaidi, hata hivyo, ni wa vipepeo. Mradi wa Kipepeo, wenye makao yake katika uwanja wa magofu hayo, ulianzishwa mwaka wa 1993, wakati ambapo wakulima wengi walitamani msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 420, ukatwe ili wapate mashamba. Chini ya mradi huo, mkulima hunasa vipepeo wachache msituni, akawaweka kizimbani watage mayai, kisha akawalisha viwavi majani ya mimea ya msitu aliyoipanda mwenyewe. Kiwavi akishageuka pupa, huuzwa kwa mradi, ambao humsafirisha haraka hadi nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani kabla hajaanguliwa. Kwa njia hiyo, msitu uliosimama una faida kwa mkulima kuliko uliokatwa.

Udhaifu wa mpango huo ulidhihirika mwaka wa 2020, janga la korona lilipositisha safari za ndege na kufunga maonyesho ya ng'ambo. Kipato kinachotegemea mtalii na ndege hukatika ghafla, na kikikatika, shoka hurudi msituni.

Kwa hivyo, hadhi ya mwaka wa 2024 itapimwa kwa mambo ya karibu: idadi ya vijana wa Gede na Watamu watakaopata kazi ya uelekezi na utafiti, shule za kata zitakazoingia langoni, na nafasi ya wazee katika kuamua namna historia yao inavyosimuliwa. Kuta za Gede zimestahimili karne nne bila wakazi. Msitu unaozifunika na simulizi zinazozipa maana haviwezi kudumu bila majirani.