Roshani ni Yako, Upepo ni wa Meli

Katika meli kubwa za kitalii, tiketi ya bei ya juu hununua chumba chenye roshani: kijukwaa cha nje chenye viti viwili, meza ndogo na ukingo wa kioo, mahali ambapo abiria mwingine hana ruhusa ya kukanyaga. Aliyelipa huona pale ni kwake. Akitaka kuvuta sigara huku akitazama maji, atamkera nani? Yuko nje, hewa ni tele, na bahari imetanda mpaka upeo wa macho. Kwa miaka mingi makampuni ya meli yaliikubali hoja hiyo. Princess Cruises ikaikataa mwaka 2012. Royal Caribbean, Carnival na Norwegian zikafuata mwaka 2014. Leo, katika meli za makampuni hayo, ukiwasha sigara kwenye roshani uliyoilipia mwenyewe unatozwa faini.

Sababu za uamuzi huo zinatuhusu sisi wa Kanazi, mkoani Kagera, tunaopanda meli bandarini Kemondo na kulala majini mpaka Mwanza. Meli yetu, MV Victoria, haina roshani za binafsi. Ina sitaha za nje ambako abiria husimama kupunga upepo. Lakini hoja ya mvutaji wa Kemondo ni ileile ya mvutaji wa Karibi: "Niko nje, na tiketi yangu ni ya daraja la kwanza." Kosa la hoja hiyo ni kudhani kwamba nje ya meli ni nje kama ya shambani, chini ya migomba. Sivyo, na sababu ni mbili: upepo na moto.

Usiku wa Star Princess

Alfajiri ya tarehe 23 Machi 2006, meli ya Star Princess ilikuwa njiani kutoka visiwa vya Cayman kwenda Montego Bay, Jamaica, ikiwa na abiria 2,690 na wafanyakazi 1,123. Yapata saa 9 usiku, watu wakiwa wamelala, moto ulilipuka kwenye roshani moja. Ukatambaa roshani hadi roshani, ukapanda sitaha za juu, ukapasua vioo vya milango na kuingia vyumbani. Ulipozimwa, vyumba 79 vilikuwa haviwezi kutumika tena, na vingine 218 vilikuwa vimeharibiwa na moto, moshi au maji. Abiria mmoja alikufa kwa kuvuta moshi, na wengine 13 wakatibiwa.

Uchunguzi uliofanywa na idara ya Uingereza inayochunguza ajali za meli ulifikia hitimisho kwamba chanzo, kwa uwezekano mkubwa, kilikuwa kipisi cha sigara. Kilitua juu ya kitu kinachoshika moto, kikafukuta kwa muda wa kama dakika 20, ndipo miali ikatokea. Aliyekitupa, awe nani, huenda alikuwa ameshalala.

Kipisi kilianzisha, lakini ujenzi wa roshani zenyewe ndio uliofanya moto uenee. Kuta za kutenganisha roshani zilikuwa za plastiki ngumu, sakafu ilifunikwa kwa vigae vya plastiki, na viti vilikuwa vya plastiki. Vyumba vya ndani vilikuwa na vitambua-moto na mabomba ya kunyunyiza maji, na hayo ndiyo yaliyouzuia moto usile vyumba kwa kina. Roshani hazikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Wasanifu na sheria walizihesabu kuwa nje, na nje ilidhaniwa haihitaji ulinzi. Walikuwa wamefikiri kama mvutaji wetu.

Desemba mwaka huohuo, Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) lilirekebisha mkataba wa usalama wa maisha baharini, SOLAS. Kuanzia tarehe 1 Julai 2008, kuta za roshani zilitakiwa ziwe za vitu visivyoungua, na penye samani zinazoungua kwa urahisi pawe na vitambua-moto na mabomba ya maji. Kisheria, roshani ikawa sehemu ya mwili wa meli.

Moshi huenda wapi?

Mtu aliyesimama uwanjani hukabiliwa na upepo mmoja, wa mahali pale. Aliye melini ana pepo mbili: wa ziwa, na ule ambao meli yenyewe hujitengenezea kwa kwenda mbele. Meli inayokwenda kilometa 20 kwa saa katika usiku mtulivu kabisa huwa na upepo wa kilometa 20 kwa saa unaotoka omo kwenda tezi. Upepo huo hupita ubavuni, na kila unapokutana na pembe, ukuta au kibaraza huvunjika, hugeuka na kuzunguka palepale. Moshi uliotolewa ubavuni hauendi ziwani moja kwa moja. Hugandamana na ubavu wa meli, huburutwa kuelekea tezi, na huingia kwenye mlango au dirisha lililo wazi njiani. Kama mlango wa chumba umefunguliwa na korido nayo ina upenyo upande wa pili, tofauti ya mgandamizo wa hewa huuvuta moshi ndani kabisa.

Ziwa letu linaongeza jambo lake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, upepo hutoka nchini kwenda ziwani, na pepo hizo za kutoka pande zote zinapokutana katikati ya Ziwa Victoria huzaa ngurumo na mvua tunazozijua alfajiri. Meli inayoondoka Kemondo usiku na kufika Mwanza asubuhi hupita katika mabadiliko hayo, na tena hugeuza omo kila inapobadili njia. Upande wa demani, ule usiopigwa na upepo, unaweza kuwa joshini saa chache baadaye. Ndiyo maana ushauri wa "kavutie upande ule" haudumu safari nzima.

Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima moshi wa sigara katika maeneo ya wazi kama vile kumbi za nje za migahawa. Waligundua kwamba mtu aliyekaa ndani ya nusu meta kutoka kwa mvutaji anaweza kupokea moshi wa kiwango kinachokaribia kile cha ndani ya nyumba. Akisogea zaidi ya meta mbili, kiwango hushuka sana. Sigara ikizimwa, hewa ya nje husafika karibu papo hapo, tofauti na chumbani ambako moshi hukaa kwa saa kadhaa.

Matokeo hayo yanawagusa wote wawili. Asiyevuta akumbuke kwamba sigara moja iliyovutwa mbali, mahali pa wazi, si sumu itakayomwangusha. Mvutaji naye akumbuke kwamba melini meta mbili hazipatikani kwa urahisi. Kwenye roshani, meta mbili ni kiti cha jirani. Kwenye sitaha ya Victoria iliyojaa, ni mama aliyelaza mtoto kwenye khanga. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takribani 70 kati yake husababisha saratani. Sehemu kubwa ya moshi unaomfikia jirani hutoka kwenye ncha inayoungua, bila kupita kwenye kichungi. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni moja wasiovuta wanaokufa kila mwaka kwa moshi wa wengine. Mwenye pumu hahitaji miaka ya kukaa na mvutaji: dakika chache zinatosha kumbana kifua, na katikati ya ziwa hospitali iko mbali.

Kipisi hurudi

Wavutaji wengi hutupa kipisi majini wakiamini wameuzima moto. Upepo uleule unaozunguka ubavuni hukirudisha melini, aghalabu sitaha ya chini. Huko chini, katika meli za ziwa letu, kuna nini? Magunia, mikungu ya ndizi iliyofungwa kwa majani makavu, magodoro ya sponji, maboksi na maturubai. Ncha ya sigara huwa na joto la nyuzi mia kadhaa za Selsiasi, na kipisi hakihitaji miali ili kiwe hatari. Hufukuta ndani ya sponji au nyasi kavu bila kuonekana, kama kilivyofanya kwenye Star Princess. Na kikifika majini salama, kichungi chake ni plastiki isiyooza upesi, katika ziwa tunalolinywa.

Moto hupindua meli

Sisi wa Kagera tuna kumbukumbu ya maji, si ya moto. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, na mamia ya watu wakafa. Vijijini kwetu zipo familia ambazo hazijapona. Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara. Tangu hapo, tukisikia usalama wa meli tunafikiria abiria kupita kiasi na makoti ya kuokolea. Hayo ni sahihi. Moto, hata hivyo, huonekana kama tatizo la bahari za mbali.

Mfano wa Bahari ya Shamu unatuambia mengine. Tarehe 3 Februari 2006, wiki chache kabla ya Star Princess kuungua, feri ya al-Salam Boccaccio 98 ilikuwa ikitoka Duba, Saudi Arabia, kwenda Safaga, Misri, na moto ukazuka kwenye sitaha ya magari. Wafanyakazi wakamwaga maji ya bahari kuuzima. Maji hayakutoka, yakajaa juu ya sitaha, meli ikalala ubavu na kuzama. Zaidi ya watu 1,000 walikufa, wengi wao vibarua wa Kimisri waliokuwa wakirudi nyumbani.

Ukibeba maji kwenye sinia na sinia likainama kidogo, maji yote hukimbilia upande ulioinama na kuuvuta zaidi. Wahandisi wa meli huogopa jambo hilohilo: tani za maji yaliyo huru juu ya sitaha pana, yakihama kila meli inapoyumba. Ongeza abiria wanaoukimbia moto wote kwa upande mmoja, na una mambo mawili yanayoweza kuipindua meli bila hata kubeba mzigo kupita kiasi. Yaani kipisi cha sigara na kupinduka kwa meli ni hatari zilizo karibu kuliko tunavyodhani.

Marufuku tupu haitoshi

Je, basi tupige marufuku sigara melini, mwisho wa maneno? Usafiri wa anga ulishalijibu swali hilo kwa uchungu. Tarehe 11 Julai 1973, ndege ya Varig kutoka Rio de Janeiro ilishika moto ikikaribia uwanja wa Orly, Paris. Moto ulianzia kwenye choo cha nyuma, huenda kwa sigara, na watu 123 walikufa. Somo lililobaki ni hili: mpaka leo milango ya vyoo vya ndege ina kisahani cha majivu, ijapokuwa kuvuta ni marufuku. Waliotunga kanuni walijua kwamba atakuwepo mtu atakayekaidi, na huyo akikosa mahali pa kuzimia, atakitupa kipisi kwenye pipa la karatasi.

Nikotini huleta uraibu unaodai. Mtu aliyezoea kuvuta kila baada ya saa moja au mbili hawezi kuvumilia usiku mzima wa safari kwa sababu tu ameona bango. Atajifungia chooni, au atajibanza nyuma ya shehena, gizani, palepale pasipotakiwa cheche. Makampuni ya meli za kitalii yaliyofunga roshani hayakuwafukuza wavutaji. Yaliwatengea sehemu chache za sitaha ya wazi.

Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, inayozuia kuvuta katika maeneo ya umma lakini inaruhusu kutenga sehemu za kuvutia. Mwaka 2007 tukaridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao miongozo yake inasema vyumba vya ndani vya kuvutia havilindi wengine, hata vikiwekewa feni. Uganda, tunaochangia nao ziwa, ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya 2015 inakataza kuvuta ndani ya meta 50 kutoka maeneo ya umma. MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023 kwa ajili ya abiria 1,200, ina urefu wa meta 92. Kwa kipimo cha Uganda, kona inayofaa kuvutia haimo humo.

Kwa hiyo melini hatuna umbali wa kutosha. Tuna uchaguzi wa mahali. Mahali hapo pawe tezini, pa wazi, ambako upepo wa mwendo huondoa moshi badala ya kuupitisha milangoni. Pawe mbali na matundu ya kuvutia hewa ya vyumba na injini, bila shehena wala makoti ya kuokolea. Pawe na vyombo vya chuma vyenye mchanga, na taa, na mfanyakazi anayepapitia usiku kucha, maana Star Princess ilituonyesha kwamba moto huja mvutaji akiwa ameshaondoka. Na pawe pamoja kwa wote: wa daraja la kwanza ashuke, wa daraja la tatu apande, wakutane hapo. Daraja la tiketi hununua kitanda na utulivu wa kulala. Hewa inayopita mbele ya mlango wa jirani haimo kwenye nauli.

Abiria asiyevuta naye ana wajibu. Ukisikia harufu ya sigara chumbani, usianze ugomvi. Mwite mhudumu, kwa sababu huenda moshi unatoka mahali ambapo hata mvutaji haonekani. Ukiona kipisi kinachofuka kwenye mzigo, kizime kwanza, kisha uulize ni cha nani.

Wakati mzuri wa kuamua haya ni kabla meli haijajengwa au haijakarabatiwa, michoro ikiwa bado mezani na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), ambalo ndilo msimamizi wa usalama wa vyombo, likiikagua. Sehemu ya kuvutia inayotafutwa baada ya meli kuanza safari huwekwa palipobaki nafasi. Inayopangwa kwenye mchoro huwekwa panapofaa upepo.