Maji yakiingia dirishani, tiba ianze nje ya nyumba

KINANGO ni mahali ambapo mkazi huyatafuta maji kwa miezi mingi, kisha huja usiku mmoja ambapo maji humtafuta yeye hadi chumbani.

Hayo yalidhihirika mwishoni mwa 2023. Kaunti ya Kwale ilikuwa ndiyo kwanza imetoka katika ukame mrefu uliokuwa umeanza 2020, mifugo ikiwa imeangamia na visima vimekauka. Mvua za El Nino zilipofika, zilinyesha kwa kishindo Pwani nzima, zikakata barabara na kuingia majumbani. Waliokuwa watu wazima mnamo 1997 waliikumbuka El Nino ya mwaka huo.

Aghalabu, njia ya kwanza ya maji hayo huwa ni dirisha la chumba cha nyuma. Sehemu nyingi za Kinango zina vilima na miteremko. Anayejenga hapo hulazimika kuukata mteremko ili apate uwanja ulio sawa. Matokeo yake ni nyumba ambayo mbele imesimama juu ya ardhi ilhali nyuma imezama ndani yake, na kizingiti cha chini cha dirisha kiko shubiri moja tu kutoka kwenye udongo. Vyumba kamili vya chini ya ardhi ni vya majengo makubwa ya mijini, lakini chumba hiki cha mteremkoni kina maradhi yale yale.

Maji yakishaingia, wengi hununua simiti au silikoni na kuanza kuziba kwa ndani. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, ufa uliozibwa upande wa ndani pekee huyaacha maji yakiwa yamelundikana ukutani, na ukuta huo ndio utakaojengwa upya.

Chanzo ni kipi?

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, ni sharti mwenye nyumba ajue maji yanatoka wapi. Vyanzo ni vitatu, na kila kimoja huacha alama yake.

Cha kwanza ni paa. Mabati yasiyo na gata humwaga maji yote chini ya upenu, na matone huchimba mfereji mguuni pa ukuta. Alama yake ni matope yaliyorukia ukuta wa nje na ubichi unaoanzia chini.

Cha pili ni ardhi yenyewe. Maji yanayoteremka kutoka kilimani hukwama nyuma ya nyumba, hasa palipo na udongo wa mfinyanzi ambao ukishashiba haunywi tena. Hapa chumba huendelea kuvuja hata baada ya mvua kukatika, na unga mweupe wa chumvi hutokea kwenye lipu.

Cha tatu ni dirisha. Masika ya Pwani, ambayo kwa kawaida hushika kasi zaidi Mei, huja pamoja na pepo za kusi, nazo husukuma mvua kwa ubavu. Dirisha linaloelekea kusini mashariki ndilo hupigwa zaidi. Puti ya madirisha ya chuma hukaushwa na jua hadi ikapasuka, na hapo maji huingia wakati wa mvua ya upepo pekee.

Kwa yeyote asiye na uhakika, upo mtihani mwepesi usiohitaji zaidi ya madebe machache ya maji. Siku ya jua, mwaga maji taratibu kwenye ardhi iliyo chini ya dirisha, kisha subiri nusu saa huku mtu mwingine akichunguza ndani. Pakiwa pakavu, mwagia kizingiti cha chini, halafu pande mbili za fremu, na mwisho sehemu ya juu. Anza chini ukipanda. Ukianzia juu, maji yatatiririka kote na hutajua yalipopenyea.

Hatua kwa hatua

Kazi ya kwanza ni kuyaondoa maji ya paa. Funga gata upande wa mteremko na uyaelekeze maji kwenye tangi au mbali na msingi.

Kazi ya pili ni kuirekebisha ardhi. Katika mita tatu za kwanza kutoka ukutani, udongo ulioshindiliwa vyema unapaswa kushuka kwa angalau sentimita 15 kuelekea nje. Mguuni pa ukuta, tandaza zege au mawe bapa ya Mazeras, ambayo hupatikana jirani, ili matone yasichimbe. Wazee wa Pwani waliijua siri hii: baraza inayozunguka nyumba si ya kuketi tu, bali pia huukinga mguu wa ukuta.

Upande wa juu wa kilima, chimba mtaro wa kuyakata maji kabla hayajafika nyumbani, uyazungushe hadi upande wa chini. Mtaro huo uwe mbali na ukuta, kwani kuchimba karibu na msingi, hususan wa nyumba ya udongo, kunaweza kuiangusha nyumba yenyewe.

Iwapo dirisha liko usawa wa ardhi au chini yake, lijengewe kisima kidogo cha mawe upande wa nje, chenye ukingo ulioinuka juu ya udongo. Sakafu yake iwe chini ya kizingiti na iwekwe kokoto, kisha bomba liyatoe maji kuelekea bondeni. Katika nchi za Ulaya na Marekani, ambako vyumba vya chini ya ardhi ni vya kawaida, wengi hulazimika kutumia pampu za umeme. Mkazi wa mteremkoni anaweza kuuachia mteremko kazi hiyo. La muhimu ni mdomo wa bomba usizibwe na majani na maji yasituame humo, yasije yakawa mazalio ya mbu.

Hapo ndipo ifike zamu ya dirisha. Kizingiti cha chini kiinamie nje na kijitokeze sentimita tatu hadi tano kupita ukuta, chini yake kukiwa na mfuo mwembamba wa kuyadondosha maji kabla hayajaurudia ukuta. Ng'oa puti iliyokufa, sugua kutu, paka rangi na uweke puti mpya. Silikoni ipakwe kwenye sehemu safi na kavu, kwani haishiki penye vumbi wala ubichi.

Wenye madirisha ya alumini ya kusukuma wajihadhari na kosa moja. Vitundu vidogo vilivyo chini ya fremu upande wa nje si kasoro. Viliwekwa ili viyatoe maji, na anayeviziba huyarudisha maji chumbani.

Kwa kuta za mawe ya matumbawe, ambayo hunywa maji, lipu ya nje haina budi kuwa nzima. Mchanga wa ufuoni usitumiwe, kwa kuwa chumvi yake huvuta unyevu na kuozesha chuma.

Mvua ikikukuta hujajiandaa

Panga magunia ya mchanga mbele ya dirisha na uinue vitu kutoka sakafuni. Maji yakikaribia soketi, zima umeme kwenye swichi kuu, mradi uifikie ukiwa umesimama pakavu.

Walio katika nyumba za udongo na fito wawe waangalifu zaidi. Ukuta ulioloa hadi ukavimba, ukaegemea au ukatoa ufa mpya si wa kulala karibu nao. Watoto na wazee waondolewe kwanza. Hatari haishi mvua inapokatika, maana ukuta uliolowa huweza kuanguka saa kadhaa baadaye. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu za dharura bila malipo kupitia nambari 1199.

Adui awe rafiki

Hesabu ni hii: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita nane kwa sita, likinyeshewa milimita 50, hupokea lita 2,400. Hata moja kwa tano ikipotea, hubaki lita 1,920, yaani mitungi 96 ya lita 20.

Maji ya mwanzo, yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, yamwagwe. Tangi lifunikwe, na bomba la kufurikia lisielekezwe ukutani.

Gata lile lile linalookoa dirisha la nyuma ndilo litakalompunguzia mama safari ya kisimani wakati wa kiangazi. Wakati wa kulifunga ni sasa, jua likingali linawaka.