Ndama Akiwa Kwenye Dawa, Tumbo Lake Tulikumbuke

Akina mama tunaofuga ng'ombe wa maziwa bandani, kama ilivyo kwa wengi Kilimanjaro na Rungwe, tunajua uchungu wa kumkuta ndama jike wa wiki mbili anaharisha. Huyo ndiye mtamba wa kesho, na ada ya watoto imo humo humo. Bwana mifugo akishampa dawa ya kuua bakteria, tunashusha pumzi tukidhani kazi imekwisha. Bado.

Tumboni mwa ndama wamo bakteria wabaya na wazuri. Wazuri huwabana wabaya wasienee, tena husaidia chakula kusagika. Dawa haiwachagui. Jambo hili tunaliona jikoni: maziwa ya ng'ombe anayetibiwa ugonjwa wa kiwele mara nyingi hukataa kuganda, kwa kuwa dawa iliyobaki ndani yake inawazuia bakteria wanaogandisha. (Maziwa hayo yasinywewe na mtu, wala asipewe ndama.)

Namna ya kuwarudisha wazuri ipo. Maduka ya dawa za mifugo huuza probiotiki, yaani vijidudu hai vyenye faida, na kipimo huandikwa kwenye pakiti. Asiyezipata anaweza kutumia mtindi wa nyumbani, usiotiwa sukari wala kuchemshwa baada ya kuganda, kwani moto huwaua wote. Vijiko viwili vitatu katika maziwa yake ya uvuguvugu vyatosha. Watoto hawatakosa chao.

Mtindi usichanganywe na dawa katika chupa moja. Kama dawa ni ya kunywa, tuache angalau saa mbili zipite kwanza. Dozi imaliziwe hata kama ndama amechangamka, na mtindi uendelee siku kadhaa baada ya hapo. Zile probiotiki za jamii ya hamira haziuawi na dawa hizi, kwa sababu hamira si bakteria.

Hata hivyo mtindi hauponyi kuharisha. Kinachowaua ndama wengi ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Tuvute ngozi ya shingo kisha tuiachie: ikichelewa kurudi, au macho yakididimia, hali ni mbaya. Apewe maji ya chumvi za kurudisha nguvu kati ya nyakati za maziwa, na maziwa yenyewe asinyimwe. Akishindwa kusimama au kunyonya, mtaalamu aitwe siku hiyo hiyo. Tena kuharisha kwingine huletwa na virusi, ambavyo dawa ya bakteria haiviui. Kwa hiyo tusikimbilie dukani kununua sindano kwa kubahatisha.

Baadhi ya vijidudu vinavyomharisha ndama huwapata watu pia. Tunawe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto mchanga, na chupa ya ndama isioshwe pamoja na vyombo vya jikoni.